Jifunze Kubandua Kabla ya Kubandika: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwa Fundi wa Kucha

Mdogo wangu, kila wiki kuna binti, na siku hizi vijana wa kiume pia, anayenitumia picha ya kucha ndefu zenye vito na kuniuliza: "Dada, nataka kujifunza hii, inachukua siku ngapi?" Nami humuuliza: ukishambandika mteja kucha, unajua kuzitoa? Wengi hunyamaza.

Siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa kwa siku tatu. Siku ya kwanza rangi, ya pili tipsi (kucha za plastiki za kubandika), ya tatu akriliki (unga na maji yanayoganda kuwa kucha ngumu), jioni yake nikapewa cheti. Kutoa hakumo. Wiki ya pili nikiwa kazini alikuja dada mmoja aliyekuwa na sendofu Jumamosi, anataka za zamani zitoke awekwe mpya. Nikaingiza ncha ya tipsi chini ya akriliki, nikainua kama ninavyofungua kopo. Zilitoka, na zikatoka na tabaka za kucha yake. Vidole vitatu vilibaki vyekundu, kucha laini kama karatasi iliyolowa maji. Alikwenda kwenye sendofu yake amevaa glovu za lesi. Nusu mwaka nzima alikuwa anapita dukani kunionyesha zimekua kufikia wapi. Hakunidai hata shilingi.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi ni ule ambao ningetamani mtu angenifundisha mimi. Niko Dar es Salaam, mifano mingi ni ya huku, lakini ndugu wa Mombasa na Nairobi nimewawekea yenu pale sheria zinapotofautiana.

Hatua ya 1: Isome kucha kabla ya kuipamba

Kucha unayoiona haina uhai. Ni tabaka za keratini zilizobanana, unene wake karibu nusu milimita tu. Sehemu iliyo hai iko chini na nyuma yake. Kule nyuma, chini ya ngozi, kuna mzizi, na hapo ndipo kucha inapotengenezwa. Ile nusu mwezi nyeupe unayoiona kwenye dole gumba ni mzizi unachungulia. Chini ya kucha kuna kitanda chake, chenye mishipa ya damu, ndiyo maana kucha yenye afya inaonekana ya waridi. Halafu kuna mkunjo wa ngozi unaoizunguka kucha kwa nyuma, na utando mwembamba uliokauka unaoganda juu ya kucha kutoka kwenye mkunjo huo.

Tofautisha hivyo viwili mapema. Utando mkavu ulioganda juu ya kucha unaondolewa, kwa upole, kwa sababu rangi haishiki juu yake. Mkunjo ni ngozi hai, na kazi yake ni kuziba njia ya maji na vijidudu kuelekea kwenye mzizi. Huo haukatwi. Mafundi wengi wanaukata mpaka damu inatoka, kisha wanapaka mafuta na kumwambia mteja "imekuwa safi". Wamemfungulia mlango wa mdudu wa kidole.

Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo kuijaza upya yote ni takriban miezi 6. Kucha ya dole gumba la mguu huchukua mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Mteja uliyemharibu Januari atakuwa bado anaitazama kazi yako Juni.

Jifunze pia kucha ambazo hutakiwi kuzigusa. Ikiwa ya kijani, kuna bakteria waliojificha kwenye unyevu kati ya kucha ya bandia na ya asili. Toa ya bandia, acha ikauke, usifunike tena mpaka ipone. Ikiwa nene, ya njano, inamomonyoka kama unga, inawezekana ni fangasi, na anayetibu fangasi ni mhudumu wa afya. Kidole kilichovimba na kuuma, mrudishe nyumbani kwa heshima.

Mstari mweusi unaotoka nyuma ya kucha kwenda mbele unahitaji maelezo zaidi. Sisi watu weusi tunakuwa nayo mingi, mara nyingi kwenye vidole kadhaa, na kwa kawaida haina shida. Lakini mstari mmoja mpya kwenye kidole kimoja, unaopanuka au kuchafua ngozi ya pembeni, mwambie mteja aende hospitali. Bob Marley aligundulika na saratani ya ngozi chini ya kucha ya dole gumba la mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Wewe fundi ndiye unayeitazama kucha ya mteja kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, mara mbili kwa mwezi, chini ya taa. Mwambie ulichokiona, bila kumtisha na bila kumpa jina la ugonjwa.

Mwenye kisukari akija kuoshwa miguu, muulize kwanza anajisikiaje miguuni. Wengi wamepoteza hisia. Utamkwangua kisigino, utamkata, na hatajua mpaka kidonda kiwe kikubwa. Kwake hakuna wembe wa visigino, hakuna maji ya moto, hakuna kuchimba pembe za kucha.

Hatua ya 2: Chagua pa kujifunzia

Kuna njia tatu, na sioni aibu kusema kuwa bora ni kuzichanganya.

Ya kwanza ni chuo cha ufundi. Tanzania Bara tuna VETA, inayotoa mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo binafsi vilivyosajiliwa vinavyofundisha urembo na ususi. Kucha mara nyingi ni sehemu ya kozi pana yenye nywele na ngozi. Wengine huona ni kupoteza muda, mimi naona ni faida: mwezi ambao kucha zimepooza utasuka. Kabla ya kulipa ada, hakikisha usajili wa chuo. Usiridhike na bango.

Ya pili ni kozi fupi kwa fundi mwenye jina. Siku tatu, wiki mbili, mwezi. Hapa ndipo pesa nyingi za vijana zinapotelea. Uliza maswali haya na usubiri majibu kamili: darasa lina wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Nitafanya mikono mingapi ya watu halisi, siyo ya plastiki? Mnafundisha kutoa? Mnafundisha usafi wa vifaa siku ngapi? Akikujibu "hayo utayajua mbele ya safari", rudi na pesa zako.

Ya tatu ni kukaa na fundi. Unakwenda saluni, unafagia, unaosha mabakuli, unatoa rangi za zamani, unatazama. Baada ya miezi michache unapewa mteja wa kwanza. Ni njia ya polepole, na ndiyo iliyonifundisha kuzungumza na mteja anayechelewa, anayelia, na anayetaka mkopo. Ubaya wake ni kwamba unarithi makosa ya fundi wako yote bila kujua kuwa ni makosa. Ndiyo maana nasema changanya.

Kama tayari unafanya kazi mtaani bila cheti, usidhani umechelewa. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa unachokijua, mapengo yanazibwa, unapewa cheti. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda), kuanzia daraja la III kupanda hadi la I, na unaweza kuikalia hata kama ulijifunzia kibandani. Karatasi hii ina thamani zaidi siku utakapotaka kazi hotelini, kwenye meli, au Ughaibuni.

Hatua ya 3: Usafi, kabla hujashika brashi

Kwenye meza ya kucha damu hutoka. Kidogo, lakini hutoka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai kwenye kifaa kikavu kwa siku saba au zaidi. Tafuta chanjo yake wewe mwenyewe kwanza. Kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Mafundi wenzangu wengi hawajachanja, na inanihuzunisha, kwa sababu wengi wana watoto wadogo nyumbani.

Vifaa vyako vigawe mafungu mawili. Vya kutumia mara moja na kutupa: tupa za karatasi (za kusugulia kucha), bafa za sponji, vijiti vya mti, pamba, wembe. Usiviokoe. Kama unaona hasara, mpe mteja aende nazo tupa yake, atafurahi na atarudi nayo. Fungu la pili ni vyuma: kisukumio, mkasi wa ngozi, kikata kucha, vichwa vya mashine.

Vyuma vioshe kwa sabuni, maji na mswaki mpaka uchafu wote uishe, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Kisha loweka kwenye Jiki. Soma chupa: ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha Jiki na vipimo sita vya maji, ule uwiano ambao wauguzi wetu wanaujua kwa kichwa. Dakika kumi, suuza, kausha kabisa. Ukizidisha muda vitaota kutu. Mchanganyiko ufanye upya kila siku. Na Jiki isikutane kamwe na asetoni (dawa ya kutolea rangi na kucha za bandia) wala spiriti kwenye bakuli moja. Hutoa kemikali yenye sumu.

Jiki inaua vijidudu vingi, lakini kwa chuma kilichopenya ngozi njia ya uhakika ni mashine ya mvuke yenye mgandamizo, nyuzijoto 121 kwa angalau dakika 15. Ukiweza kununua ndogo, nunua kabla ya kununua kiti kizuri. Kile kisanduku chenye taa ya zambarau kinachouzwa kama "stelaiza" hakitoshi. Mwanga unagusa upande mmoja tu wa chuma. Kitumie kuhifadhia vilivyokwisha safishwa.

Bakuli la miguu lina hatua zake: mwaga, sugua kwa sabuni, dawa, suuza, kausha. Kila mteja. Hata kama foleni imefika mlangoni.

Hatua ya 4: Kubandua

Hapa nitakaa kidogo. Jifunze hili mwezi wa kwanza, kwenye mikono ya ndugu zako, ukitoa kazi ya mafundi wengine. Utajifunza mawili kwa pamoja: namna ya kutoa, na namna ambavyo wenzako walikosea kubandika.

Swali la kwanza kwa mteja: "Ni nini hiki ulichowekewa?" Mara nyingi hajui. Chunguza. Punguza urefu kwanza, kwani kucha fupi haikamatwi na kitu katikati ya kazi. Kisha kwangua uso wa juu kwa tupa ya ukali namba 100 au 180 mpaka mng'ao wote uondoke, lakini usifike kwenye kucha ya asili. Ukibakiza mng'ao asetoni haiingii, na utakaa hapo mpaka jioni.

Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi kuzunguka kucha, isikauke. Lowanisha kipande cha pamba kwa asetoni, kiweke juu ya kucha, kifunge kwa foili ya jikoni. Rangi ya jeli, dakika 10 hadi 15. Akriliki, 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Joto hupunguza muda, lakini usipashe asetoni motoni wala karibu na jiko. Mvuke wake unashika moto kwa kasi ya kutisha. Funika vidole kwa taulo la uvuguvugu juu ya foili, inatosha.

Fungua kidole kimoja tu. Sukuma kwa kijiti cha mti, polepole, kutoka nyuma kwenda mbele. Ikiwa imelainika itateleza yenyewe. Ikikataa, funga tena, ongeza dakika tano. Hapa ndipo mkono wa fundi unapopimwa, kwa sababu mteja ana haraka, nyuma yake kuna mwingine, na wewe una kisukumio cha chuma mkononi. Kiweke chini.

Kuna kucha zisizolainika hata baada ya dakika 40. Jeli ngumu ya kujengea haiyeyuki kwa asetoni. Hiyo husagwa, na unabakiza tabaka jembamba linalokua na kukatwa. Akriliki isiyolainika inatia shaka nyingine, nitaieleza hatua ya 6.

Mashine ya kusaga itakuja baadaye. Zipo zinazofika mizunguko 30,000 kwa dakika, na mwanafunzi huiwasha yote kwa sababu inasikika kama kazi inakwenda. Anza chini kabisa, usikae sehemu moja, na mteja akisema "inachoma" ondoa mkono papo hapo. Kuchoma maana yake ni moto umefika kwenye kitanda. Kucha yenye pete nyekundu iliyozama katikati, zile unazoziona kila siku kwenye daladala, ni mashine iliyoshikwa vibaya.

Ukimaliza: nawisha, paka mafuta, mwonyeshe mteja kucha zake za asili. Ukiweza kutoa seti kumi mfululizo bila kuacha kovu hata moja, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Rangi, kwanza ya kawaida kisha ya jeli

Rangi ya kawaida inadharauliwa, lakini ndiyo inayofundisha mkono kutulia. Wale vijana wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi, wakipaka wateja barazani na kwenye masoko, wana mkono ulionyooka kuliko wahitimu wengi, kwa sababu wamepaka maelfu ya kucha bila kiti wala taa. Kaa na mmoja wao siku nzima, mnunulie chakula cha mchana, tazama anavyoshika kidole cha mteja.

Pwani, rangi ya kawaida ina wateja wake wa kudumu. Wanawake wengi wa Kiislamu hawapaki rangi siku za sala, kwa kuwa inazuia maji ya udhu kufika kwenye kucha. Hupaka wakiwa kwenye siku zao, na wanahitaji kitu kitakachotoka kirahisi. Usimbandike jeli ya wiki tatu mtu wa namna hii bila kumuuliza. Wengine watataka hina tu. Hina ya majani ni salama kwa wengi. Piko ni jambo jingine. Piko ni dawa ya nywele, ina kemikali ya PPD, na nimeona mkono wa bibi harusi ukivimba malengelenge kwa kufuata mstari wa maua yaliyochorwa.

Jeli ina mpangilio usiobadilika. Unatengeneza umbo kwa tupa laini, namba 240, ukielekea upande mmoja. Unasukuma ngozi, unaondoa utando mkavu. Unapitisha bafa kidogo sana, kiasi cha kuondoa mng'ao. Unafuta kwa spiriti. Kisha tabaka la msingi, rangi mara mbili, na la kumalizia, kila moja likipita kwenye taa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Taa nyingi za sasa ni sekunde 30 hadi 60. Tabaka ziwe nyembamba. Rangi nene huiva juu na kubaki mbichi chini, na jeli mbichi ndiyo inayozaa mzio. Acha nafasi ya unywele mmoja kati ya rangi na ngozi. Ikigusa ngozi, ifute kabla haijaingia kwenye taa.

Usikae dirishani. Jua la Dar litakuivishia jeli ndani ya kichupa na kwenye brashi.

Ukianza mazoezi, fanya kwenye mkono wako wa kushoto, kisha kulia, kisha mama, mashangazi na jirani. Piga picha siku ya kwanza na siku ya kumi na nne. Picha ya siku ya kumi na nne ndiyo itakayokuambia kama maandalizi yako yalikuwa sahihi; zikiinuka nyuma, ulibakiza utando au mafuta.

Hatua ya 6: Akriliki, na kemikali zake

Akriliki ni unga na maji yake. Brashi inachovya kwenye maji, inagusa unga, linatokea tone unalolitandaza kabla halijaganda. Hukauka kwa hewa bila taa, na ndiyo sababu umeme ukikatika fundi wa akriliki anaendelea kufanya kazi huku wa jeli akisubiri. Joto letu linaigandisha haraka kuliko unavyoona kwenye video za nchi za baridi. Tengeneza matone madogo, fanya kidole kimoja kimoja, na asubuhi utajifunza vizuri kuliko saa nane mchana.

Sasa yale maji. Yanayokubalika ni ya EMA, yaani ethili methakrilati. Ya hatari ni MMA, yaani methili methakrilati, kemikali ambayo Marekani ilianza kuichukulia hatua kwenye bidhaa za kucha tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya madhara yake. Inapendwa kwa kuwa bei yake ni ya chini na ikiganda ni ngumu. Ugumu huo ndio ubaya: mteja akijigonga, akriliki haivunjiki, inang'oka na kucha yake. Dalili ni bei ya chini isiyoeleweka, harufu kali kupita kawaida, chupa isiyo na lebo ya viambato, na kucha isiyolainika kwa asetoni hata ungeloweka saa nzima. Ukikutana na hiyo ya mwisho kwenye kubandua, isage taratibu, mweleze mteja, umuulize aliwekewa wapi.

Mzio wa kemikali hizi ukikupata haukuachi. Huanza kwa kuwasha kwenye ncha za vidole, ngozi kupasuka, kope kuvimba. Aliyeupata anaweza kusumbuliwa pia na vifaa vya daktari wa meno, kwa sababu familia ya kemikali ni moja. Fundi yuko hatarini kuliko mteja, maana mteja anagusa mara moja, wewe kutwa. Vaa glovu za naitraili, siyo za mpira wa kawaida ambazo kemikali hupita upesi, na zibadilishe mara kwa mara. Barakoa ya vumbi inazuia vumbi tu. Mvuke unaondolewa na dirisha na feni inayovuta kwenda nje.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku TPO, kiambato cha kuivisha jeli, kwenye vipodozi kuanzia 1 Septemba 2025. Chupa isiyouzika kule inaweza kusafiri. Ukiwa Kariakoo, au Dubois Road kule Nairobi, soma lebo kabla ya kuuliza bei. Huku TBS, shirika la viwango, ndio wanaosimamia usalama wa vipodozi tangu 2019, Kenya ni KEBS. Bidhaa isiyo na mtengenezaji wala tarehe, iache mezani.

Hatua ya 7: Vifaa na pa kufanyia kazi

Usinunue "seti kamili" yenye rangi chungu nzima. Anza na msingi mmoja mzuri, wa kumalizia mmoja, rangi kumi: nyekundu mbili, nyeupe, nyeusi, waridi hafifu tatu, kahawia, maruni, na moja ya kung'aa. Taa nzuri. Kama mtaani kwako umeme unasumbua, chagua yenye betri. Vyuma viwili viwili, ili kimoja kiwe kwenye dawa kingine kikiwa kazini.

Fremu (chumba cha duka) isubiri. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo imewaua wengi niliowafundisha. Chukua meza ndani ya saluni ya nywele, mkubaliane asilimia au kodi ya wiki, na muandikiane. Wateja wa nywele wanakaa saa tatu mikono ikiwa haina kazi. Ukikomaa, TIN ya TRA na leseni ya halmashauri, au kibali cha kaunti kwa Kenya. Halmashauri zetu pia zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, inayotolewa kwa vikundi; nenda kamuone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Hatua ya 8: Bei na daftari

Usiige bei ya jirani. Kila chupa mpya iandike tarehe ya kufunguliwa, kisha weka alama kwa kila mteja mpaka iishe. Tuseme chupa ya shilingi 12,000 imehudumia wateja 20: ni shilingi 600 kwa mteja. Fanya hivyo kwa msingi, asetoni, pamba, tupa, glovu, umeme wa Luku, kodi. Halafu ongeza saa zako. Kubandua nako kuwe na bei yake, iandikwe ukutani. Ukitoa bure utafanya haraka, na ukifanya haraka utaharibu.

Msimu unajulikana: Desemba, mkesha wa Idi, wiki za kicheni pati. Chukua amana kwa anayeweka nafasi. Picha zako zirushe WhatsApp na Instagram kwa mwanga wa mchana, bila kuzilainisha, na umuombe mteja ruhusa kwanza.

Mwisho, nunua daftari la kurasa 200. Kila mteja ana mstari wake: jina, tarehe, ulimwekea nini, chupa ipi, ngozi yake ilikuwaje, ana mzio au kisukari. Akirudi baada ya wiki tatu, usianze kukisia kama tulivyofanya kwenye hatua ya 4. Fungua ukurasa wake, soma, kisha andaa foili.